Kuomba kazi serikalini ukiwa Mombasa: tathmini ya huduma ya mtandaoni ya Tume ya Utumishi wa Umma

Huduma ninayoipima hapa ni ile ya kuomba kazi katika utumishi wa umma wa kitaifa kwa njia ya mtandao, inayotolewa na Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo wengi wetu hapa Mombasa tunaijua kwa herufi zake tatu, PSC. Ninaipima nikiwa mtu aliyefanya kazi ya ukarani katika idara ya wafanyakazi ya ofisi moja ya umma hadi kustaafu, na ambaye sasa vijana wa Majengo, Bondeni na Kisauni humjia kutaka wasaidiwe kujaza maombi yao. Hukumu yangu naitoa mapema: njia ya kuombea kazi imekuwa bora kuliko ilivyokuwa wakati wowote nilioushuhudia, lakini kazi zenyewe zinazopatikana mwishoni mwa njia hiyo zimezidi kuwa za muda mfupi, na yeyote atakayeisifu tovuti bila kulieleza jambo hilo la pili atakuwa amewaficha vijana nusu ya habari.

Anayetaka kujua ni nini kilichobadilika hana budi kukumbuka hali ilivyokuwa. Tangazo la kazi lilitoka gazetini, na magazeti ya siku hiyo yakishauzwa habari ilibaki mikononi mwa waliobahatika kuyanunua au wenye jamaa ofisini. Fomu ya maombi, ile iitwayo PSC 2, ilijazwa kwa mkono au kupigwa taipu, ikaambatanishwa na nakala za vyeti, ikatiwa ndani ya bahasha ya kaki na kupelekwa posta ya Digo Road ili ifike Nairobi kabla ya tarehe ya mwisho. Kijana wa Likoni aliyepata habari siku mbili tatu kabla ya tarehe hiyo alikuwa amekwisha kuchelewa, hata kama sifa zake zilimzidi yule aliyekaa mahali pa kufika kwa miguu Harambee Avenue, ziliko ofisi za tume jijini Nairobi. Upungufu huo haukuwa mdogo. Ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya watu wa Pwani waamini kwamba kazi za serikali zina wenyewe, na imani hiyo, ikishaingia katika nyumba, humfanya hata mtoto mwenye alama nzuri asijisumbue kujaribu.

Tovuti imeondoa sehemu kubwa ya dhuluma hiyo. Mtu wa Mtongwe husoma tangazo wakati ule ule linaposomwa na mtu wa Nairobi, na tangazo lenyewe humweleza idadi ya nafasi, ngazi ya mshahara, marupurupu, sifa zinazotakiwa, masharti ya ajira na saa ya mwisho ya kupokea maombi, ambayo kwa kawaida ni saa kumi na moja jioni. Mwombaji hufungua akaunti yake mara moja, akaingiza namba ya kitambulisho, elimu yake, vyeti vya kitaaluma, uanachama wa vyama vya taaluma na historia yake ya kazi, kisha taarifa hizo humngojea mpaka nafasi nyingine itakapotangazwa. Hakuna ada. Kwa mtu aliyewahi kupiga chapa maombi yale yale mara kwa mara kwa kila nafasi mpya, jambo hili peke yake linatosha kuipa huduma alama za juu.

Ni vyema pia msomaji ajue mipaka ya tovuti hii, kwa sababu wengi huilaumu kwa mambo yasiyo yake. Walimu huajiriwa na tume yao wenyewe chini ya Ibara ya 237 ya Katiba, na polisi wana tume yao chini ya Ibara ya 246. Manesi, makarani na askari wa Kaunti ya Mombasa huajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, iliyoundwa kufuatia Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na Mamlaka ya Bandari, ambayo ndiyo ndoto ya nusu ya vijana wanaonijia, hutangaza nafasi zake yenyewe kwa kuwa ni shirika la serikali. Kijana anayeketi akingojea tangazo la kazi ya bandari kwenye tovuti ya PSC atangoja sana.

Huduma iliyobuniwa Nairobi hutufikia kupitia mikono ya watu wengine, na mikono hiyo nayo lazima ipimwe. Wengi hujaza maombi kwenye saiba, hasa zilizo karibu na Mwembe Tayari na kandokando ya Digo Road, kwa sababu kujaza kurasa nyingi kwa simu ndogo kunachosha na kosa moja la tarehe laweza kumtoa mtu katika orodha. Saiba bora ninayoifahamu hubandika ada zake ukutani, humketisha mwombaji mbele ya kompyuta ili aone kila kinachoandikwa kwa jina lake, na haimruhusu aondoke kabla ya kuthibitisha kwamba ombi limepokewa. Ziko nyingine ambazo siwezi kumshauri mtu aziendee. Katika mojawapo, mhudumu humfungulia mteja anwani ya barua pepe, akaweka nywila anayoijua yeye peke yake, kisha miezi ikapita na mwaliko wa mahojiano ukatumwa kwenye anwani ambayo mwenyewe hana namna ya kuifungua. Binti mmoja wa mtaani kwetu aligundua mwaliko wake wakati tarehe ya mahojiano ilikuwa imepita. Alilia mbele yangu, na sikuwa na la kumwambia. Tangu hapo huwasisitizia vijana jambo moja kabla ya mengine yote: anwani ya barua pepe na nywila yake viwe vyenu wenyewe, na namba ya simu iwe ile mtakayokuwa nayo mwaka ujao.

Nyaya za chini ya bahari zilizoiunganisha Kenya na dunia kwa kasi mpya mwaka 2009 zilitua hapa hapa Mombasa, na bado wako vijana katika mitaa inayotazamana na bahari hiyo ambao huhesabu shilingi za bando kabla ya kufungua tangazo la kazi. Hilo si kosa la tume, ila ni jambo ambalo mpimaji wa huduma ya mtandaoni hawezi kulipita kimya.

Hitaji la namba ya kitambulisho ni la haki, lakini hapa Pwani lina uzito ambao pengine hauonekani kwingineko. Wamakonde, ambao babu zao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walipewa vitambulisho vya kitaifa mwaka 2017 tu, baada ya kuishi nchini kwa vizazi kadhaa. Wapemba wa pwani yetu walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Maana yake ni kwamba wako watu wazima, waliozaliwa na kusomea hapa, ambao miaka michache iliyopita hawangeweza kufika hata ukurasa wa kwanza wa tovuti hii. Mtu wa jamii hizo akiomba kazi leo akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu bila historia yoyote ya ajira rasmi, anayemhoji anapaswa kukijua kisa hicho kabla ya kumuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

Baada ya maombi huja vyeti vya kuthibitisha uadilifu. Cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai hulipiwa shilingi 1,050, na kuna uthibitisho wa ulipaji kodi, wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na wa kampuni za kumbukumbu za mikopo, ambao nao hulipiwa. Kijana asiye na kazi hutakiwa kununua ushahidi kwamba anastahili kazi. Wengine huanza kuvikusanya mara tu wanapoona tangazo, kisha vikapitwa na wakati kabla hawajaitwa popote. Ushauri wangu ni kusoma tangazo kwa makini ili kujua ni vyeti gani vinavyotakiwa katika hatua gani, na kutotumia hata senti moja kwa kile ambacho hakijaombwa.

Kisha kuna safari. Mahojiano ya nafasi za kitaifa kwa sehemu kubwa hufanyika Nairobi, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida katika treni ya SGR imekuwa shilingi 1,500 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kabla mtu hajala wala kulala. Mwombaji wa Nairobi hupanda matatu. Ningependa kuona mahojiano ya nafasi za ngazi za chini, ambazo huombwa na watu wengi, yakifanyiwa hapa Mombasa, kwa kuwa serikali ya kitaifa ina ofisi zake katika jumba la Uhuru na Kazi na nafasi ya kuketisha jopo haiwezi kukosekana. Ikiwa usawa wa kusoma tangazo umepatikana, usawa wa kufika mbele ya jopo ndio unaofuata.

Sasa nifike kwenye kazi zenyewe, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa kuwa bila historia kidogo hataelewa kwa nini tangazo analoliona leo limekuwa jinsi lilivyo. Mwaka 1993 serikali ilianzisha mpango wa mageuzi ya utumishi wa umma, katika miaka ambayo wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wakiitaka ipunguze gharama za mishahara. Wafanyakazi wa makundi ya chini, kuanzia kundi A hadi kundi G, walishawishiwa wastaafu mapema kwa hiari na kulipwa kiinua mgongo. Makarani, matarishi, madereva na wafagiaji wakaondoka, na nafasi zao nyingi hazikujazwa tena. Katika familia za Mombasa, nafasi hizo za chini ndizo zilizokuwa ngazi ya kwanza ya kupandia: baba alikuwa tarishi, mtoto akawa karani, mjukuu akasoma hadi chuo kikuu. Ngazi hiyo ya kwanza ilipoondolewa, vijana wa mitaa maskini ndio walioumia kabla ya wengine.

Mwaka 2009 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka miaka 55 hadi 60. Sikulaumu uamuzi huo wakati huo na silaumu leo, kwa maana uliwapa watu wazima muda wa kumaliza kusomesha. Lakini hesabu yake haikwepeki: wale ambao wangeondoka katika miaka mitano iliyofuata walibaki, na kwa miaka hiyo nafasi zinazofunguka kwa kustaafu zikawa chache mno, wakati vyuo vikuu vilikuwa vikizidi kuongezeka na kutoa wahitimu wengi zaidi kila mwaka. Hapa kwetu Chuo cha Ufundi cha Mombasa, kule Tudor, kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mwaka huo huo ugatuzi ulianza, kaunti 47 zikawa waajiri wapya, na wahudumu wa afya wakahamishiwa kwao. Kwa hiyo kijana aliyehitimu kipindi hicho alikutana na serikali ya kitaifa yenye nafasi chache na serikali ya kaunti iliyokuwa bado ikijifunza kuajiri.

Juu ya hayo yote limekaa suala la fedha. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na Tume ya Mishahara na Marupurupu imekuwa ikikumbusha mara kwa mara kwamba nchi imekipita kiwango hicho. Watumishi wa umma, ukiwajumlisha wa serikali kuu, walimu, kaunti na mashirika, ni zaidi ya laki tisa. Serikali iliyobanwa hivyo, yenye shule zisizo na walimu wa kutosha na hospitali zisizo na manesi wa kutosha, imetafuta njia ya kupata kazi bila kubeba gharama yote ya mfanyakazi. Njia hiyo ni mkataba na uanagenzi.

Uanagenzi wa tume yenyewe ulianza mwaka 2019. Mhitimu wa chuo hupewa nafasi katika wizara au idara kwa miezi kumi na miwili, na posho iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Kama mafunzo, ni mpango mzuri, nami nausifu kwa moyo wangu wote. Nimewaona vijana waliotoka humo wakijua kuandika barua rasmi, kutunza faili na kuzungumza na mwananchi bila kumdharau, mambo ambayo darasa haliwezi kuyafundisha. Posho hiyo, kwa mtu anayepanga chumba Kisauni au anayevuka feri ya Likoni kwa miguu bila malipo kila asubuhi, humtosha kuishi kwa kujibana. Shida ni kwamba mpango hautoi ahadi yoyote ya ajira baadaye. Miezi kumi na miwili ikiisha, kijana hurejea mtaani akiwa na cheti na uzoefu wa mwaka mmoja, na katika matangazo mengi ya kazi hukuta wanatakiwa wenye uzoefu wa miaka mitatu.

Yaliyowapata walimu yanaonyesha hatari ya njia hii ikishapanuliwa. Shule za sekondari msingi zilipoanza mwaka 2023, maelfu ya walimu waliohitimu na kusajiliwa waliajiriwa kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato, wakafundisha vipindi vile vile vinavyofundishwa na mwalimu wa kudumu. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba tume ya walimu haina mamlaka ya kuwaajiri wanagenzi, wao wenyewe wakagoma mwezi Mei, na Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Nawapongeza. Lakini tazameni ilivyobidi: mahakama, mgomo, na miaka miwili ya kufundisha watoto wa wengine bila kujua kama wao wenyewe wangeweza kuoa, kuolewa au kuchukua mkopo.

Kwa madaktari ilikuwa vivyo hivyo. Mgomo wao ulioanza tarehe 14 Machi 2024 na kwisha tarehe 8 Mei ulichukua siku 56, na mgogoro mkubwa ulihusu wanagenzi: makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Wagonjwa waliorudishwa kutoka milango ya hospitali za umma, hapa kwetu na kwingineko, hawakuwa na habari kwamba wanaumia kwa sababu ya swali la kiutumishi: je, mtu anayefanya kazi kamili ni mfanyakazi au ni mwanafunzi? Swali hilo halijajibiwa kwa ukamilifu katika utumishi wetu wa umma, na kila tangazo la uanagenzi linalotoka hulileta tena.

Wako wanaoniambia kwamba mimi ni mzee niliyezoea pensheni na kwamba dunia yote imehamia kwenye mikataba. Nawajibu kwa mambo mawili. La kwanza, hata ajira ya kudumu yenyewe imekwisha kubadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2021 watumishi wa umma walio chini ya miaka 45 huchangia pensheni yao wenyewe, asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikiongeza asilimia 15. Kwa hiyo mzigo ambao zamani ulibebwa wote na hazina umeshagawanywa, na hoja kwamba ajira ya kudumu haibebeki imepungua nguvu. La pili, mtumishi wa umma ana mamlaka juu ya haki za watu. Karani wa usajili, mkaguzi wa chakula, afisa wa ardhi, hawa hufuatwa kila siku na watu wenye fedha wanaotaka sheria ipindishwe kidogo. Mtu ambaye mkataba wake unakwisha Juni, na ambaye kuongezewa kwake kunategemea kupendwa na mkubwa wake, hana uwezo wa kukataa kama alionao mwenye ajira imara. Katiba ilipoweka ulinzi wa mtumishi wa umma katika Ibara ya 236, kwamba asiadhibiwe kwa kutekeleza kazi yake kwa mujibu wa sheria, haikukusudia kumstarehesha.

Suala la nani anaajiriwa ndilo linalozungumzwa zaidi barazani, na mara nyingi kwa hasira. Ibara ya 232 inataka ushindani wa haki na sifa ziwe msingi wa uteuzi, ikitaka pia jamii zote za Kenya ziwakilishwe na wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ndiyo maana fomu humuuliza mwombaji kabila lake na kaunti yake ya nyumbani. Vijana wengine huogopa kujaza sehemu hiyo, wakidhani ndiyo itakayowakatia. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, si afadhali niiache wazi?" Nikamwambia, "Mwanangu, ijaze. Usipohesabiwa, hakuna atakayejua kwamba umekosekana." Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliiweka Pwani miongoni mwa maeneo yaliyotengwa kiuchumi katika ripoti yake ya mwaka 2013, na njia ya kupima kama utengano huo unapungua ni takwimu hizo hizo, ambazo PSC inawajibika kuzitumia inaporipoti kwa Rais na Bunge jinsi maadili ya Ibara ya 10 na ya 232 yanavyofuatwa. Kwamba ripoti hiyo inatolewa na kwamba raia yeyote anaweza kuisoma ni jambo ninalolihesabu upande wa sifa za huduma hii, na ningewaomba walimu wetu wa vyuo waisome pamoja na wanafunzi wao.

Jambo jingine la kusifiwa ni ukaguzi wa vyeti. Mwezi Februari 2024 tume ilitangaza kwamba katika ukaguzi ulioihusisha taasisi mbalimbali za umma walipatikana watu 2,067 waliotumia vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikalia kiti cha mtu aliyesoma kwa haki. Mama aliyeuza viazi karai na mahamri alfajiri hadi mtoto akahitimu, kisha mtoto huyo akakosa nafasi, ana haki ya kudai kwamba ukaguzi huo usiwe wa mara moja.

Nilichokiona kuwa kasoro kubwa zaidi ya huduma yenyewe, mbali na aina ya kazi, ni ukimya baada ya kuomba. Matangazo husema wazi kwamba watakaowasiliana nao ni wale tu walioteuliwa. Naelewa sababu: nafasi chache huvuta maombi kwa maelfu, na zamani kumjibu kila mmoja kwa barua kungehitaji ofisi nzima. Lakini mashine inayoweza kupokea maombi yote hayo inaweza pia kutuma ujumbe mfupi wa kumwambia mtu kwamba hakufaulu na katika sifa ipi. Kijana ambaye hakuelezwa lolote huendelea kuomba nafasi zile zile kwa kasoro ile ile mwaka hadi mwaka. Si wengi wanaojua kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21, na kwamba Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inampa aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Aliyedhulumiwa katika utumishi wa kaunti, kwa mfano katika kupandishwa cheo au kuadhibiwa, anaweza kukata rufaa kwa PSC yenyewe chini ya Ibara ya 234. Barua ya namna hiyo huandikwa kwa nusu ukurasa, kwa heshima na bila lawama, na mimi huwaandikia wanaohitaji bila malipo.

Ukimya huo pia ndio unaowalisha matapeli. Mtu asiyepata habari kutoka kwa mwenyewe huisikiliza kutoka kwa yeyote, na hapa mjini hawakosekani watu waliovaa vizuri wanaodai kuwa na mjomba Nairobi anayeweza "kusukuma jina" kwa kiasi fulani cha fedha. Wazazi huuza kiwanja, huuza mbuzi, hukopa katika chama, kisha namba ya simu haipatikani tena. Tume haitozi ada katika hatua yoyote, na matangazo yake husema kwamba kutafuta upendeleo kwa namna yoyote humwondolea mwombaji sifa. Aliyeombwa fedha aende Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, asione haya.

Nani basi aitumie huduma hii? Kila aliye na sifa, bila kukata tamaa na bila kutegemea hiyo peke yake. Ila kabla ya kujaza chochote, nendeni moja kwa moja kwenye kifungu cha tangazo kinachoeleza masharti ya ajira, kabla ya mshahara na kabla ya jina la cheo. Kama ni ajira ya kudumu yenye pensheni, itendeeni fomu hiyo kwa uangalifu wote mlio nao, kwa sababu nafasi kama hizo hazitangazwi kila mwezi. Kama ni mkataba, angalieni ni wa miaka mingapi, unaweza kuongezwa au la, na kama kuna kiinua mgongo mwishoni mwake. Kama ni uanagenzi, uombeni mkijua kwamba ni mwaka mmoja wa kujifunza, na tangu mwezi wa kwanza wekeni kumbukumbu ya kila kazi mliyoifanya, iliyosainiwa na msimamizi, kwa maana jopo litakalowahoji baadaye litauliza ushahidi wa uzoefu, na wakati huo msimamizi huenda amekwisha kuhamishwa.